Mshipa Upi?

Ukimwambia Dresa kuwa mshipa unakuuma, hakugusa chupa ya dawa. Alikutazama, akahamisha kijiti cha meno kutoka pembe moja ya mdomo hadi nyingine, akauliza, "Upi?" Ukimjibu wa mguu, aliuliza mguu upi, na katika mguu huo mshipa upi. Ukikasirika, alifurahi. Alisema mgonjwa anayekasirika bado ana nguvu ya kusema kweli.

Jina lake silitaji, na sababu yake nitaieleza mahali pake. Zahanati nayo siitaji. Inatosha kujua kuwa ilikuwa kaskazini ya Pemba, kwenye ardhi ya mawe, mahali ambapo watu wa Micheweni na wa Wingwi walifika kwa miguu wakiwa wagonjwa, na kule kufika kwenyewe tukakuhesabu kuwa kipimo cha kwanza cha afya. Miaka ile ya mwisho wa hamsini mimi nilikuwa karani hapo. Mtu mzima wa Madungu, nimesomea Unguja, kalamu mbili mfukoni na Kiingereza cha kutosha kujishaua. Niliandika kadi za wagonjwa, na daktari alipokuja kutoka mjini kila Jumatano, niliketi ubavuni pake kumfasiria. Dresa yeye alifunga vidonda, alichoma sindano, alijaza dawa kwenye chupa ambazo wagonjwa walikuja nazo kutoka kwao. Watu wote walimwita kwa kazi yake, Dresa, wazee kwa watoto. Hata mkewe alimwita Dresa, na akiudhika alimwita "Dresa wenu".

Wiki yangu ya kwanza nilimwona ni msumbufu. Foleni imefika mlangoni, jua limetuchoma, na yeye amemshikilia bibi mmoja kwa mtihani wa lugha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nshipa, mwanangu. Wan'andama tangu juzi."

"Upi huo?"

"Si nshipa tu!"

"Wakwenda au wakaa pahala pamoja?"

"Wakwenda."

"Waanzia kitovuni ukishuka, au waanzia chini ukipanda?"

Bibi akatazama huku na huku, akamvuta sikio, akamnong'oneza. Dresa akaitikia kwa kichwa kwa adabu, akaniambia, "Andika tumbo la uzazi." Nikauliza mshipa na uzazi vimekutana wapi. Akanijibu kuwa vimekutana Pemba, kabla sijazaliwa.

Hapo ndipo nilipoanza kulitazama neno hili, neno ambalo nilidhani nalijua tangu utotoni. Mimi shuleni niliambiwa mshipa ni njia ya damu, basi. Kumbe watu wa pale wakisema mshipa wanaweza kuwa na maana ya njia ya damu, au ule uzi mweupe unaopeleka maumivu kichwani, au kano ya kisigino, au msuli wa paja. Mwanamke akisema mshipa huenda anasema chango, maumivu ya tumbo la uzazi. Mwanamume akisema mshipa huku anatazama miguu yake mwenyewe, basi huenda ana busha au ngiri, ule utumbo unaoshuka kinenani, na hatalitaja moja kati ya hayo hata umchome moto. Ukiongeza na mishipa ya jani ambayo walimu waliifundisha, na yule jirani ambaye kila mtu anamjua, asiye na mshipa wa haya, unaona kuwa neno limebeba mzigo wa punda.

Dresa aliziandika maana zote nyuma ya mlango wa stoo ya dawa, kwa penseli, kila moja na kijiji alichoisikia. Mlango ukifungwa huzioni. Ukiingia stoo ukajifungia, unakutana nazo uso kwa uso kama dua iliyobandikwa. Mafundi wa rangi walikuja mara moja wakaupaka mlango chokaa, mbele na nyuma.  Dresa alisubiri rangi ikauke, akaziandika upya zote kwa kichwa, na akaongeza moja ambayo alikuwa ameipata kwa fundi wa rangi mwenyewe, mgongo wake ulipomkaza juu ya ngazi.

Asili ya neno ndiyo iliyokuwa starehe yake, na humo alikuwa mwongo kwa raha zake. Hakuna watu wawili waliopewa asili moja. Kwa wavuvi alisema mshipa ni ndugu wa mshipi: Mungu alipomvua mwanadamu kutoka kusikojulikana alimvua kwa mshipi, akaukata, na kipande kilichobaki ndani ndicho mshipa. Wavuvi walilipenda hilo, wakaenda nalo. Kwa mwalimu wa skuli alisema neno limetoka kwenye kushupaa, kwa sababu kitu hiki hakina kazi nyingine ila kukaza, na mwalimu akaliandika ubaoni. Kwa shehe wa msikiti alijaribu kusema ni Kiarabu.

"Dresa," shehe akamwambia, "Waarabu hawana herufi pe."

Ungedhani amekwama. Hakuchukua hata muda wa kumeza mate. "Ndiyo maana, shehe. Waliliazima, wakashindwa kulitamka, wakaturudishia."

Shehe alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi ya msikiti. Mimi nilimwuliza Dresa siku nyingi, tukiwa wawili, aniambie ipi hasa ndiyo kweli. Kila nilipomwuliza alinipa nyingine mpya, na akanitazama aone kama nitaiandika.

Mtu aliyekuwa mwepesi hivyo wa ulimi alikuwa mgumu katika mambo madogo. Koti lake jeupe alilifua mwenyewe, hakumwachia mkewe wala mpiga pasi. Kofia yake ya viua hakuivua hata akiinama kwenye kidonda chenye harufu ya kumfukuza mbuzi. Alichoma sindano watu wasiohesabika, na mkono wake ulikuwa mwepesi kiasi cha watoto kulia baada ya sindano, kwa kuchelewa kujua. Lakini ilipokuja chanjo kwa wafanyakazi wote, Dresa hakuonekana. Tulimkuta nyuma ya choo, amesimama wima, anasoma Yasini. Ilibidi daktari amshike bega na mimi nimshike mkono, na alipochomwa aliniangalia mimi kwa chuki, kana kwamba sindano niliibuni mimi. Kwa wiki nzima aliniita "karani wa serikali", tusi kubwa kwake.

Na alikuwa mwalimu bila kutumwa. Siku ya Idi ya kuchinja alijitokeza kwa mchinjaji na jani la mgomba mkononi, akaomba mguu wa ng'ombe ambao haujakatwa. Watu wanasubiri nyama, yeye anachambua nyuzi. Anazilaza juu ya jani moja moja. "Hino ni kano. Ivute. Waona? Haipasuki. Huno wa damu, mtupu ndani, puliza utaona. Na uno mweupe, nnene, mlaini, ndio unaokufanya upige kelele ukikanyaga mwiba." Wanaume wazima wakiinama, wakizivuta, wakiulizana. Mchinjaji alilalamika kuwa mguu unapoa. Bibi mmoja aliyesimama na kikapu chake akauliza, "Na ule nshipa wenyewe uko wapi, Dresa?" Akamjibu kuwa huo hauko kwa ng'ombe, maana ng'ombe haoni haya. Watu wakacheka, na mimi nilicheka, nikidhani ni mzaha.

Sasa nije kwenye orodha.

Ilitoka mjini, imepigwa chapa vizuri, kurasa nne. Mkono mmoja maneno ya Kiswahili ya maradhi na viungo, mkono wa pili Kiingereza chake, neno kwa neno, ili daktari mgeni asipoteze muda na karani asibabaike. Pamoja nayo ilikuja barua. Zahanati yetu ilikuwa ya mwisho kwa idadi ya wagonjwa wanaoonwa kwa siku, na mkaguzi aliyepita alikuwa ameona kwa macho yake dresa akibishana na wagonjwa juu ya maneno. Kuanzia sasa mgonjwa akisema neno, karani aangalie orodha. Dresa asihoji. Akiendelea kuhoji, atapumzishwa kazi.

Dresa alinitaka nimsomee kwenye orodha neno mshipa limepewa nini. Nikamsomea. Lilikuwa limepewa neno moja la Kiingereza, lile la msuli, kwa sababu aliyeitunga nadhani alimwuliza mchezaji mpira.

"Moja?" akauliza.

"Moja."

"Watakufa watu, karani."

Hakupaza sauti. Alikwenda kuosha mikono, na mikono yenyewe ilikuwa safi. Na mimi, nisijifanye mwema, nilifurahia ile orodha. Foleni ilikwisha kabla ya adhuhuri. Nilikuwa na karatasi yenye mhuri inayosema niko sawa. Kwa muda wa mwezi hivi nilikuwa karani hodari kuliko wote Pemba, na Dresa alikuwa mjaza chupa.

Jumatano moja, Dresa amekwenda kuswali adhuhuri, akaingia mwanamume wa Wingwi anayeitwa Kombo, mchimba mawe ya chokaa. Alikuwa na mama mkwe wake, kwa sababu mkewe alikuwa mzazi, siku zake arubaini hazijatimia. Kombo alikuwa kipande cha mtu, mabega kama mlango, na jasho lilikuwa likimtiririka, lakini nani hatoki jasho akitembea kutoka Wingwi mchana? Aliyesema ni mama mkwe.

"Nkwe wangu yuno ana nshipa. Wanvuta tangu jana alfajiri. Hakula kitu."

Nikamgeukia Kombo. "Mshipa wa wapi?"

Kombo aliangalia sakafu. Mama mkwe yuko pale, kanga kichwani, anasubiri jibu kama mimi. "Wa paja," akasema.

Sikuhitaji hata kufungua orodha. Nilimwambia daktari ni msuli wa paja, kazi yake ni kubeba mawe. Daktari aliangalia paja kwa mbali, juu ya kikoi, akaandika dawa ya kuchua. Yote hayo hayakufika dakika tatu. Kombo akaenda kungoja dawa yake barazani, na daktari, aliyekuwa amemaliza wagonjwa, akaanza kufunga mkoba wake.

Dresa akarudi kutoka msikitini. Nilimwona kupitia dirisha. Alipita mbele ya Kombo, akampa salamu, akaenda hatua tatu, akasimama. Akarudi. Nilijua alichokiona baadaye tu, aliponieleza: mtu mwenye msuli wa paja huketi akanyoosha mguu. Kombo alikuwa ameketi na tako moja, amejikunja, amepumzisha mkono palepale ambapo mwanamume hapumzishi mkono mbele ya mama mkwe wake.

"Bibi," Dresa akamwambia mama mkwe, "mmekuja na chupa?"

"Hatukuja nayo, mwanangu. Tulitoka kwa haraka."

"Basi nenda dukani katafute. Bila chupa hapana dawa."

Stoo ilikuwa na chupa tupu arubaini, nimezihesabu mimi mwenyewe. Mama mkwe akafunga kanga, akaenda. Alipopinda kona tu, Dresa akachutama mbele ya Kombo, uso kwa uso, akamwuliza lile swali aliloambiwa asiulize. Sikusikia Kombo alijibu nini. Nilimwona akifumba macho, na midomo yake ikatikisika. Dresa akauliza tena, "Umetapika?" Akaitikia kwa kichwa. "Tangu lini hakirudi ndani?" Kombo akaonyesha jua, kisha akaonyesha nyuma, jana.

Gari la daktari lilikuwa limeshawashwa. Dresa alitoka mbio, koti linapepea, na mzee wa umri ule kukimbia si jambo tulilolizoea. Akasimama mbele ya gari, mikono yote miwili juu ya boneti. Daktari akapiga honi. Dresa hakusogea. Kiingereza chake kilikuwa cha dawa na bandeji tu, na kwa mshangao wa mambo yale hata hicho kilimkimbia. Akanigeukia, nimesimama barazani kama gogo.

"Mwambie ni ngiri! Imekwama! Mwambie ntu atakufa!"

Nilimwambia. Maneno hayo kinywani mwangu yalikuwa machungu, maana nusu saa haikuwa imepita tangu niseme mengine kwa kinywa hichohicho.

Daktari alishuka, akamlaza Kombo ndani, akafunua kikoi.  Alimbeba yeye mwenyewe upande wa kichwa, mimi na Dresa upande wa miguu, tukamwingiza kwenye gari la daktari, na gari likaondoka kwa vumbi. Mama mkwe alirudi na chupa yake, ameazima, imeoshwa vizuri, ina kizibo. Dresa akaipokea kwa mikono miwili, akamwambia mkwe wake amepelekwa mjini kwa uangalizi mzuri zaidi, na ndani ya chupa akamtilia dawa ya kikohozi cha watoto ili asirudi mikono mitupu.

Kombo alipasuliwa alasiri ile ile. Alipona. Miezi baadaye alikuja kutuonyesha mwanawe.

Na mimi? Nilingoja adhabu. Kadi ilikuwa na mwandiko wangu. Jumatano iliyofuata daktari aliniuliza yule mtu alisema neno gani hasa. Nikamwambia. Nikamwonyesha orodha. Daktari aliisoma, akaisoma tena, akatoa kalamu, na mbele ya neno mshipa akalikata lile neno moja la Kiingereza na kuandika juu yake, kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika: *uliza Dresa*. Akaibandika ukutani mwenyewe. Barua ya kumpumzisha Dresa haikuja.

Dresa mwenyewe hakunisema. Ndilo lililonikera. Nilimfuata stoo, nikamwambia nimekosa, na ilikuwa karibu niue mtu. Alikuwa anasafisha vyombo. Akasema, "Hukukosa lugha. Ulikosa kumwondoa mama nkwe." Kisha akanipa penseli, na kuanzia siku ile mlango ule wa stoo tuliuandika watu wawili.

Mwanzoni mwa miaka ya sitini alistaafu, na mimi nikahamishiwa ofisi ya Chake, nikarudi kuishi Madungu. Daktari wetu alikuwa ameshaondoka, lakini alikuwa ameacha maneno kwa wakubwa kuhusu orodha ile. Ofisi iliamua orodha itungwe upya, na kazi hiyo nikapewa mimi. Chini ya mshipa niliweka maana kumi na moja, kila moja na swali la kumwuliza mgonjwa. Zote zilitoka kwenye mlango ule. Mkubwa wangu akataka mwisho wa orodha liandikwe jina la aliyezikusanya, kwa heshima yake. Nikachukua karatasi, nikapanda gari la abiria la asubuhi hadi Micheweni, nikatembea hadi kwake.

Nilimkuta barazani, ameketi kwenye kitanda cha kamba, amekonda, kofia ileile. Nyuma yake mlango una pazia, na nyuma ya pazia mkewe alikuwa anapepeta mchele, nilisikia ungo. Nikampa salamu, akaitikia, akaniuliza watu wa mjini wanakufa kwa maneno gani siku hizi. Nikamsomea orodha yote. Alisikiliza macho yamefumbwa. Alinisahihisha mara mbili, zote mbili kwa haki. Mwisho nikamwambia kuhusu jina.

"Litoe," akasema.

"Ni la heshima, Dresa. Watu wajue."

"Nimekwambia litoe. Usiliandike popote."

Nikadhani ni unyenyekevu, na unyenyekevu haukuwa ugonjwa wake hata siku moja. Nikambishia. Nikamwambia kazi hii ni yake, na asipokubali nitamwandika bila ridhaa yake. Hapo akafumbua macho.

"Weye kila siku ulikuwa ukin'uliza neno hili nimelitoa wapi," akasema. "Nikakupa uongo. Leo nakupa kweli, uache kunisumbua. Nimelitoa kwa baba yake mke wangu."

Akanieleza kwa sauti ya chini. Alikuwa bado kijana, koti jeupe jipya, ndoa haijatimiza mwaka. Baba mkwe wake alikuja pale, akaketi hapohapo nilipoketi mimi, akamwambia, "Mkwe, n'na nshipa wanisumbua, n'tilie dawa." Dresa alikuwa ameshajifunza kuuliza. Alijua kuwa mzee wa umri ule anaposema mshipa na kuishia hapo, kuna jambo. Swali lilimjaa mdomoni. Lakini ni mkwe wake, tena wa mwaka wa kwanza, na mtu humwulizaje baba mkwe kilichomo ndani ya kikoi chake? Akamtilia dawa ya kuchua kwenye chupa. Mzee akashukuru, akamwombea dua, akaenda zake. Siku ya tatu wakamzika.

"Nlijua kuuliza," akasema. "Nikaona haya. Basi jina la ntu huyo utaliandika kwenye karatasi ya serikali?"

 Nilimheshimu zaidi saa ile kuliko siku aliposimama mbele ya gari, na nilimhurumia, na nilitaka kumshika mkono, lakini hatukuwa watu wa kushikana mikono. Akaongeza, kwa sauti ya chini zaidi, kuwa mkewe hajui. Miaka thelathini na zaidi hakupata ujasiri wa kumwambia kwamba baba yake, kabla ya kufa, alifika kwake kuomba dawa.

Ungo ukanyamaza. Pazia likasogea, na mkewe akatoka, mikono na kanga vimejaa vumbi la mchele. Nikainuka kumpa shikamoo, hakuniona.

"Najua," akamwambia mumewe. "Siku ile nlikuwa ndani, napaa samaki. Nlinsikia baba alivyosema nshipa. Nkakusikia na weye unavyojaza chupa."



"Na nlijua ni upi," mkewe akaendelea. "Ndiye miye nliyekuwa nikifua nguo zakwe, kabla hujanioa na baada ya kunioa. Nlijua tangu zamani. Nkasema n'toke nikwambie, nikaona haya. Mwana wa kike ataanzaje?" Akajifuta mikono kwenye kanga, taratibu, kidole baada ya kidole. "Nkangoja un'ulize. Umewauliza watu wa Pemba nzima, Dresa. Miye hukun'uliza."

Kabla ya hapo sikupata kumwona mtu yule akikosa jibu, si kwa shehe, si kwa mkaguzi, si kwa daktari.  Kisha akasogea kwenye kitanda cha kamba, akaacha nafasi ya mtu mmoja, na mkewe akaketi. Nilikunja karatasi yangu, nikawaaga. Sidhani walinisikia, nilipofika njiani walikuwa wameshaanza kusemezana.